Bendera Mbili za Kwamvumo

Kwamvumo, 11 Mei 2024

Kwa Dada Mwanamkasi, Ushongo.

Shikamoo dada. Kabla ya salamu zaidi, ukoo wa marehemu Mzee Sele unatangaza kwa majonzi makubwa kwamba gego langu la kulia, la mwisho upande ule, limetangulia mbele ya haki Jumanne iliyopita, likitafuna kisamvu. Nililirusha juu ya paa kama mtoto, kunguru akalichukua. Hakuna matanga. Wenye rambirambi walete uji.

Baada ya msiba huo, hali zenu? Shemeji na mguu wake? Wajukuu? Nakuandikia barua kama watu wa zamani, maana nikikupigia simu wajukuu zako huweka sauti ya juu na Ushongo nzima inaanza kunijibu. Barua hii anayo Hafsa wa samaki. Mpe jibu akija tena gulioni Muheza.

Habari yenyewe ni kwamba treni ya abiria inarudi. Si kwetu bado. Watu wa reli wamesema mwisho wa Juni wataleta treni ya majaribio, na wataangalia kila kituo kidogo kama kina watu na kina utaratibu. Kikifaa, kinafunguliwa. Kisipofaa, treni inapita moja kwa moja mpaka Muheza. Mtindo ni uleule wa zamani: dereva akioneshwa bendera nyekundu anasimama, akioneshwa ya kijani anapita. Kijiji kimefyeka majani, jukwaa limeonekana tena, hata lile bati lenye jina tumelikuta likiwa mlango wa banda la kuku. Mwamvua wa sambusa anasema akipata dirisha la treni la kuuzia machungwa, hataniuzia mimi tena kwa mkopo.

Sasa kaa chini. Mwenyekiti wa kamati ni Rahimu. Naye ndiye aliyesema mbele ya watu kwamba mshika bendera niwe mimi, fundi baiskeli, "kwa kuwa ni kazi ya babake." Nilitabasamu. Unanijua, mimi nikishtuka hutabasamu.

Ni mimi mdogo wako,
Hatibu

Ushongo, 19 Mei 2024

Hatibu mdogo wangu,

Marahaba. Sisi wazima, mguu wa shemeji yako umepungua uvimbe. Pole ya jino. Ungepoteza ulimi ningefurahi zaidi, maana unatabasamu pasipostahili.

Rahimu! Amekupa bendera kwa mkono gani? Uleule uliomnyang'anya Baba? Au umesahau kwa kuwa ulikuwa Mombasa ukijifunza kuziba pancha? Mimi nilikuwapo. Rahimu alinunua lori, akataka machungwa yote ya Kwamvumo yapande lori lake, wala yasipande behewa. Akaenda Tanga kuwaambia wakubwa wa reli kwamba Sele hunywa tembo kazini, na bendera anazichanganya. Baba! Ambaye hata maji ya dafu yaliyolala alikuwa anayamwaga. Hawakuuliza. Walimwondoa, hawakuleta mwingine, na kituo kikafa. Watu wakamlaumu yeye. Tukahamia Ngamiani, Tanga mjini, na hata kule watoto wa mtaa walikuwa wakipepesuka kila akipita. Alikufa akiitwa mlevi, Hatibu. Nilimuuguza mama akilia kwa hilo, na yeye akazikwa nalo.

Usiinue kitambaa chochote mpaka Rahimu aseme mbele ya watu kwamba Sele hakunywa. Akikataa, namsomea halbadiri. Walimu wapo hapa Pangani, nimeshaulizia.

Dada yako,
Mwanamkasi

Kwamvumo, 2 Juni 2024

Dada Mwanamkasi,

Shikamoo. Mimi mzima ila natafuna upande mmoja kama mbuzi mgonjwa. Halbadiri acha kwanza. Kile kisomo hakichagui, kitaanza na mimi niliyekaa na sufuria ya jirani tangu Ramadhani.

Nimekwenda kwake. Nimemkuta barazani ananyolewa. Amezeeka, dada, shingo imekuwa kama ya kobe. Nikamwambia, "Mzee Rahimu, nina neno la marehemu Baba."

Akasema, "Lile la zamani?"

"Lile."

"Aa, Hatibu. Mambo ya zamani yana funza. Ukiyafukua unanuka wewe."

Nikamwambia wewe unataka kuyafukua, na unakuja na jembe. Kinyozi akacheka, yeye hakucheka. Akafikiri, akasema, "Siku hiyo mimi ndiye nitakayewasimulia wageni historia ya kituo. Marehemu nitamtaja. Mwambie dada yako nitamtaja."

Basi. Mimi nimeona ni ahadi. Mzee hawezi kupiga magoti mbele yangu huku ana sabuni kidevuni. Atasema siku yenyewe. Njoo usikie kwa masikio yako.

Mdogo wako,
Hatibu

Ushongo, 10 Juni 2024

Hatibu,

Hujambo? Sisi hatujambo. Siji. Nilipoondoka Kwamvumo niliapa sitakanyaga tena mpaka jina la Baba lisafishwe.

"Nitamtaja." Hata Iblisi hutajwa, mdogo wangu, tena kila siku. Mimi siwezi kusahau sauti yake alipokuwa akiagiza mizigo yetu itolewe kwenye nyumba ya reli.

Akimtaja vizuri, nitamsamehe, nitamtumia na pweza mkavu. Akimtaja vibaya, wewe una mikono miwili na kila mmoja una bendera. Mimi nimemaliza.

Dada yako,
Mwanamkasi

Kwamvumo, 1 Julai 2024

Dada,

Shikamoo. Natumai hamjambo nyote. Hapa mvua imeacha.

Treni ilikuja Jumamosi. Kwa bahati mbaya haikusimama. Jua lilikuwa usoni mwa dereva, na ngoma zilikuwa nyingi, na mambo hayakwenda. Watu wa reli wameleta jibu kwamba Kwamvumo bado hakuna utaratibu. Ndiyo hivyo.

Rahimu alimtaja Baba. Nitakueleza siku nyingine. Baiskeli ni nyingi kwa fundi.

Hatibu

Ushongo, 14 Julai 2024

Hatibu,

Salamu baadaye. Umeandika barua bila mzaha hata mmoja, nikajua kuna maiti ndani ya nyumba.

Hafsa amenieleza sokoni, mbele ya wateja, tena kwa huruma. Kwamba mdogo wangu alishika bendera akiwa amelewa. Kwamba alionesha kijani, treni ikapita. Kwamba Kwamvumo wanasema, "Mtoto wa nyoka ni nyoka, kumbe Sele alikunywa kweli." Walikuwa na shaka, Hatibu! Miaka yote hii wapo waliokuwa na shaka, na sasa hawana.

Ulikunywa? Kama ulikunywa, usiniite dada. Kama hukunywa, kwa nini umewaacha waseme? Niandikie ukweli, na uuandike bila kuchekacheka.

Mwanamkasi

Kwamvumo, 28 Julai 2024

Dada Mwanamkasi,

Shikamoo. Sijui kama utaniitikia. Nimechelewa kujibu kwa sababu nilitaka kwanza nifanye ndipo niandike.

Sikunywa. Asubuhi ile nilikunywa chai ya tangawizi kwa Mwamvua, nikapiga pasi shati, nikasimama pale alipokuwa akisimama Baba. Nilikuwa na furaha. Nilikuwa tayari nimeikunjua nyekundu.

Rahimu akapewa kipaza sauti. Akaanza na Mjerumani, akaja kwenye mkonge, akaja kwenye machungwa. Kisha akasema, "Halafu tukapata mshika bendera, Mungu amrehemu, penye treni moja yeye akiona mbili." Watu wakacheka. Dada, na mimi nilicheka. Mdomo ulitangulia, unaujua mdomo wangu. Nilisikia sauti yangu ikimcheka Baba, pale pale penye jukwaa lake.

Ndipo honi ikalia konani. Nikaikunja nyekundu. Nikainua ya kijani, mkono umenyooka, kama alivyotufundisha. Dereva alipunguza, akaona watu, akanitazama kama anayeuliza. Nikaipunga. Akaongeza mwendo. Rahimu, kanzu mpya, begi mkononi, maana ndiye abiria wa kwanza, alikimbia akigonga mabehewa kwa bakora na kuita, "Simama! Simama wewe!" Nitakuwa mkweli kama ulivyotaka: ilikuwa tamu. Sijawahi kuonja kitu kitamu vile. Utamu wenyewe uliisha behewa la mwisho lilipopita, nikamwona Mwamvua ng'ambo ya reli, sinia la machungwa kichwani, ameshayamenya.

Rahimu akarudi anahema, akasema, "Mtoto wa Sele amelewa." Wote wakaitikia, aa, kumbe. Nami nikanyamaza, kwa sababu mlevi husamehewa. Anayekiua kituo cha kijiji kizima kwa makusudi, huyo huchomewa kibanda. Nikajificha ndani ya uongo uleule. Uliniambia nina mikono miwili, lakini sikulaumu. Mkono ni wangu.

Barua yako nilikaa nayo mpaka Ijumaa iliyofuata. Baada ya sala nikasimama, nikasema, "Sikuwa nimelewa. Nilifanya kusudi, kwa ajili ya Baba, na kwa kuwa nilicheka." Msikiti ukavuma. Mmoja akanishika shati. Na unajua nani alipaza sauti kuliko wote? Rahimu. "Alikuwa amelewa! Msimsikilize, alikuwa amelewa huyu!"

Imamu akamtazama. "Rahimu, mbona unamtetea?"

"Simtetei. Nilimwona."

Mwamvua alikuwa nje, dirishani, na sinia lake. Akapiga kelele kwamba alinipa chai kwa mkono wake, nilikuwa mzima kama yeye, na Mungu anilaani kwa uzima huo.

Imamu akauliza taratibu, "Na Sele naye, Rahimu, ulimwona hivihivi?"

Rahimu aliinuka. Alitafuta viatu mlangoni, akavaa vya mtu mwingine, akaondoka. Ulitaka aseme, dada. Hakusema. Aliyesema alikuwa mzee Muntasir, aliyefanya kazi na Baba, akasema "Sele hakunywa" kwa sauti ndogo, na wachache wakatikisa kichwa. Nimekuletea hilo tu.

Kibanda hakikuchomwa. Ila baiskeli hawaniletei tena. Mwamvua anapeleka machungwa Muheza kwa bodaboda, nusu yanapondeka, na akipita kwangu hugeuza uso. Ana haki.

Jana treni ilipita tena, ya abiria, madirisha wazi, watu wamejaa. Kijiji kilitoka kuitazama. Ilipokwisha kupita, wakageuka wote, wakawa wananitazama mimi.

Mdogo wako, ukinikubali,
Hatibu