Maziwa Yasiyochemshwa

Mella, Tororo
4 Mei 2024

Nyanya mpendwa,

Leo nimeapa kukueleza yote bila kuficha. Hujambo huko Busia kwa Shangazi Harriet? Mguu unaendeleaje? Sisi ni wazima, isipokuwa jibini.

Tangu uondoke, Mama huchemsha maziwa kabla ya kutia dawa ya kugandisha, kama anavyochemsha ya chai. Anasema ni usafi. Basi yamekataa kushikana; tunapata uji mweupe tu. Baba Mdogo Odoi anauliza kama tutampa na kijiko. Anataka kuweka mahindi yake katika nyumba ya jibini baada ya mavuno. Nilipomwambia nyumba ni yako, alijibu, "Mama amehamia Kenya. Hata ng'ombe wanajua."

Humo ndani bado mnanukia wewe: chumvi, moshi na maziwa. Naikumbuka mikono yako ikigeuza jibini kwenye rafu huku ukiimba wimbo wa kanisani.

Mjukuu wako,
Awor

Busia
15 Mei 2024

Awor, mama yangu,

Salamu kwa wote nyumbani. Mimi mzima, ila mguu ni mkaidi.

Mwambie mama yako sina ugomvi naye; ya chai achemshe. Ya jibini yapokee na joto la ng'ombe mwenyewe, aliye mzima, na usichanganye na ya jana. Osha mikono mpaka kwenye viwiko. Yakishikana, yakate polepole, kamua kwa kitambaa, tia chumvi, kisha uigeuze kila asubuhi. Usiionje kabla ya miezi miwili, hata ukitamani.

Hapa tunanunua maziwa ya pakiti. Sijui ng'ombe wake anaitwa nani.

Nyanya yako

Mella, Tororo
28 Julai 2024

Nyanya mpendwa,

Habari za huko? Sisi tu salama. Barua zangu mbili za Juni hukuzijibu, lakini naandika tena.

Jibini imekubali. Jana Baba Mdogo Odoi alikuja na magunia yake, nikamkatia kipande pale mlangoni. Alitafuna. Kisha akasema, "Hii ni ya mama," akarudi kwake na magunia.

Nilifurahi sana. Jioni Shangazi Harriet akapiga simu, akamwambia Mama kwamba wanakujengea chumba huko, mabati yameshafika. Mama alisema ni vizuri, utakuwa karibu na hospitali. Mimi nikaenda kuigeuza jibini, ingawa nilikuwa nimeshaigeuza asubuhi.

Tafadhali, nijibu mara tu upatapo barua hii: chumba hicho ni cha kuuguzia mguu, au ni cha kuishi?

Mjukuu wako,
Awor