Kompyuta Yenye Vitufe vya Kelele

Jengo la 47, ghorofa ya tatu,
Jemo, Addis Ababa.
9 Tikimt (kwenu huko ni Oktoba)

Mpendwa mjukuu wangu Mahlet, mke wangu uliyenitoroka,

Salamu zikukute mzima, pamoja na baridi yenu ya Winnipeg inayogandisha hata mate. Kifua chako je? Na huyo mwizi aliyekuoa, bado ana miguu ya korongo? Mimi mzima. Magoti hulia nikipanda ngazi, ila hayo hulia hata nikiwa nimeketi. Ndiyo tabia yake.

Haya, kompyuta. Uliniagiza ninunue ile ya bei nafuu tuwe tunaandikiana. Nimekaidi.

Nilikwenda sokoni Merkato kwa Sebsibe, yule muuza kompyuta niliyemfumia shuka la harusi. Akaniwekea mezani ya bei yako. Nyepesi, inang'aa, lakini vitufe bapa kama mkate wa injera wa juzi. Unabonyeza, hujui umebonyeza au umepapasa.

"Babu Wasa, hii ndiyo ya kisasa," akasema. "Haina kelele hata kidogo."

"Kimya ninacho tele nyumbani, mwanangu. Niuzie kitu nisichokuwa nacho."

Akacheka, akashusha nyingine kuukuu, nene kama tofali. Vitufe vimeinuka, kila kimoja na kibonde cha kulaza ncha ya kidole. Ukikibonyeza kinakusukuma na kukujibu, tak! Kama mtambo wa kufumia unapokaza uzi. Nikagonga pale hadi wateja wakageuka. Bei yake karibu mara mbili ya ile.

Unajua nilivyo tangu tuhamishwe kutoka Shiro Meda, mtaa wetu sisi wafumaji. Mfumaji hutaka shimo la kuingiza miguu, na ghorofa ya tatu huchimbi shimo. Utatokea kwenye sufuria ya jirani wa chini. Mtambo wangu ukabaki umefungwa kamba nyuma ya mlango. Tangu bibi yako Askale atutoke, anayesema humu ndani ni friji peke yake.

Basi nikauuza mtambo kwa mfumaji wa kule kule, nikajazia bei. Usilie. Ulikuwa unanikwaza kidole kila nikienda chooni.

Sebsibe akanibandikia herufi zetu juu ya vitufe, na mimi nagonga kwa vidole viwili, kwa nguvu za kazi yangu ya zamani. Jumapili niko katikati ya kugonga, dele la kahawa jikoni, mara hodi. Ni Bizunesh, mjane wa ghorofa ya pili. Mwaka mzima tumesalimiana ngazini tu.

"Wewe mzee, unachonga jeneza huku juu?"

"Ndiyo, lako. Ingia nikupime."

Akaingia amenuna. Kikombe cha kwanza alinigombeza. Cha pili akanihadithia binti yake aliyeko Beirut. Cha tatu ndicho chenye baraka, na hakuna anayeondoka bila kukinywa. Alikishika hadi kikapoa. Mahlet, nilikuwa sijanywa kahawa na mtu tangu matanga ya bibi yako. Nilikuwa napika na kunywa peke yangu, kama mwizi.

Hajarudi tangu siku hiyo. Leo nimepika tena, nimepanga vikombe viwili.

Nisalimie mama yako Almaz, umwambie dawa nakunywa, hata kama ni uongo. Nisalimie mjomba Tesfu na kitambi chake. Nisalimie shangazi Zenebech, na paka wake, na jirani wa shangazi ambaye simjui. Usidhani salamu hizi nyingi ni mapenzi matupu. Nazirefusha ili niendelee kugonga.

Dele limechemka. Ngazi bado kimya. Basi nisalimie pia mwenye nyumba wenu, na daktari wa meno.

Mungu akujalie uzee wenye majirani wakali.

Wako akupendaye, na anayegonga bado,
Babu Wasa