Bwato ya Bamasœur Ilifika mu Katuba

Papa Ilunga, Patron wangu,

Kama kule uko banasikiaka habari ya huku, basi ulisha kusikia: miye njo muntu wa bahati kupita bote mu mutaa wetu wa Katuba. Sisemi kwa majivuno. Haya, nasema kwa majivuno, unanijua. Tangu tulikuzika, bahati inanifuata sawa mbwa mwenye aliona nyama. Nakaa mu atelier yako ya umeme, nakunywa chai, na kazi inaanguka toka mbinguni mbele ya mulango. Na haikuanguka gari. Ilianguka bwato.

Ndiyo, bwato. Mashua nzima ya aliminiyo, nyeupe, juu ya camion, lori kubwa, mu njia yetu ya mavumbi, pale mayi yetu yote inakaaka mu bidon. Mama Béa, muke wako, alitoka na unga wa bukari ku mikono, akasema: "Banaleta safina ya Noe, na hakuna muntu alituambia kama mvua inakuya?"

Lakini ngoja nianze mahali pa kuanzia. Kiisha kilio, siku jamaa ilikaa kugawa bintu yako, ndugu yako mukubwa, Baba Edouard, alisema atelier ipangishwe kwa muntu wa kuuza bière. "Elektrisien alikufwa," alisema, "mulango nayo ifungwe." Mama Béa aliangalia chini. Miye ni mwanafunzi wako tu, si damu, hakuna muntu aliniita kusema, lakini nilisimama. Niliomba wakati kidogo niwaonyeshe kama ile mulango inaweza kukaa wazi bila mwenyewe. Baba Edouard alinitazama sawa fizible ya umeme yenye iliungua. "Kazi moja," alisema. "Moja ya kweli, yenye bantu bataona na macho. Ikikufwa, tunafunga."

Bwato njo ilikuwa ile kazi moja. Ni ya bamasœur, batawa ba Kilwa, kule ku ziwa Moero. Inaenda kukamata bamama ba mimba mu mapori yenye njia haifike, inabaleta ku maternité, bazalie pale. Balitaka ndani yake taa juu ya kitanda, frigo kidogo ya dawa, pompe ya kutosha mayi inje, projecteurs, zile taa kubwa za mbele, na radio. Na pamoja na bwato balituma kisanduku.

Papa, ile kisanduku ungeicheka. Ukubwa wake ni sawa missel, kitabu ya misa. Ndani hakuna fizible ya kuungua ikate courant ya umeme, hata moja. Hakuna rele ya kufungula na kufunga courant. Weye ulikuwa unainamisha sikio ku tableau ya waya, unasikiliza rele ikifanya tak, unasema: "Iko inasema. Yenye inasema haiyakufwa." Hii haisemi. Iko kimya sawa muntu wa usalama mu bar. Unafinya bouton, taa inawaka, haukusikia kintu. Inapima yenyewe courant ya kila waya, na waya moja ikizidisha, inaikata ile moja tu, inakuandikia ku telefone ni ipi. Siku ya kwanza niliitegea sikio mpaka Mama Béa akaniuliza kama niko nafanya sala.

Na kintu yenye ilinipendeza kupita yote: inafanya délestage. Unajua délestage yetu. Courant inakatika bila kuchagua. Muntu wa bar anabaki na muziki, mama wa kuzaa anabaki na bougie ya nta. Hii kisanduku, miye njo naipangia nani akatwe mbele. Nikaipangia hivi: batri ikianza kuchoka, kata radio. Ikichoka tena, kata projecteurs. Pompe ikatwe ya tatu. Frigo na taa ya kitanda, usiguse mpaka dunia iishe. Miye, muntu mwenye aliacha masomo mu deuxième CO, mwaka wa pili wa sekondari, mwenye mwalimu alisema atauza karanga, niko napanga délestage yenye haki. Nilisha kufika Kasumbalesa, nilifika Ndola, siku moja nilifika Dar mpaka nikaona bahari na nikaidharau. Popote sikuona banapanga vile.

Sasa aibu, juu siwezi kukuficha.

Nilifunga waya yote. Nikawasha kintu moja moja: muzuri. Nikawasha yote pamoja: radio ikakufwa, projecteurs ikakufwa, pompe ikakufwa. Kisanduku ilisema batri inaisha, na batri ilikuwa mupya. Nikapima ku batri na appareil yako ya kupima: volti kumi na mbili na nusu. Telefone ilikuwa inaandika kumi na mapointi. Bashahidi babili, na mumoja anasema uongo.

Siku tatu vile. Baba Edouard alipita mara mbili, alitazama, hakusalimia. Trésor, ule mwanafunzi mwenye ulifukuza juu ya kuiba étain ya kulehemu waya, alivuka njia na mikono mu mifuko. "Muloko, mudogo wangu," aliniambia, "kisanduku yako iko mugonjwa ya kichwa. Itoshe inje. Weka fizible, ikiungua uzungushe karatasi ya sigara, bwato itembee. Bamasœur banaaminiaka hata bintu yenye hawaone."

Papa, nilicheka, lakini pince ya kukata waya ilikuwa tayari mu mukono. Kama ningetosha kisanduku inje, bwato ingetembea, mulango ingebaki wazi, na hakuna muntu angejua. Kiisha siku moja, katikati ya ziwa, waya ingeungua nyuma ya ubao, na mama moja analala pale pale juu, anashika tumbo. Niliweka pince chini. Nilikaa, mugongo wangu ku bwato, na nikaanza kuuliza kile kisanduku sawa vile ulikuwa unauliza dereva mulevi: weye uko wapi wakati unaniambia hii maneno?

Iko wapi? Ilikuwa inasema tu kile inaona mahali iko. Na miye njo niliiweka pale. Nilifunga waya yote ya kurudi, masi yote, ku mwili wa bwato.

Ni weye ulinifundisha. "Gari ni mufupa moja. Batri inatuma kwa waya, mufupa inarudisha." Mukono ya kila elektrisien wa huku unafanya vile hata akisinzia: waya ya kurudi, chuma ya karibu, boulon, basi. Nani kati yetu alisha kutengeneza bwato? Bwato si mufupa moja. Ni mabati yenye ilishonwa na rivets, misumari ya kuponda, rangi katikati, na mayi chini yenye inakula chuma pole pole kila mahali courant inapitia. Courant yangu ya kurudi ilikuwa inatembea sawa mulevi, inasalimia kila nyumba, inachoka mbele ya kufika. Na kisanduku, pale ilisimama, iliona batri kwa mbali tu. Haikusema uongo hata siku moja.

Kwa hiyo, Papa, kwa heshima yote: hapa ulikosea. Ku gari uko na haki mpaka Yesu arudie. Ku bwato, hapana.

Nilifungula yote. Kila kintu, hata kisanduku, nikaipa waya yake mwenyewe ya kurudi, mpaka ku barre moja ya shaba karibu na batri. Siku mbili. Mama Béa alivuta waya pamoja na miye, yeye mwenye ulikuwa unamukataza kugusa hata tournevis, bisibisi. Eko na mikono kupita Trésor. Ulikosea mara mbili.

Samedi, mwisho wa juma, saa sita ya muchana, balijaa. Bamama ba soko, bamekanisien, Trésor, Baba Edouard na viatu vya misa. Niliwasha yote pamoja. Radio ilipiga, pompe ilitapika mayi ya fût, ile pipa, projecteurs iliwaka mbele ya jua sawa mupumbavu. Telefone na appareil yako zilisema hesabu moja. Nikaacha batri ichoke. Tulingoja. Mama moja alikuwa ameanza kucheza, radio ikanyamaza katikati ya muguu wake. Bantu bakacheka: "Ilikufwa tena." Nikasema ngojeni. Projecteurs ikazimika. Kiisha pompe. Taa ya kitanda ilibaki inawaka, nyeupe, na frigo ilibaki inanguruma. Trésor aliweka sikio ku kisanduku, akatosha sikio, akaiweka tena. Baba Edouard alipanda mu bwato, alifungula frigo, akaingiza mukono, akasikia baridi. Ule muzee hapigake makofi hata ku ndoa. Alishuka, akasema: "Mulango ibaki wazi." Mama Béa aliketi chini pale pale mu mavumbi, na pagne yake mupya ya kitenge, akalia na kucheka pamoja. Miye nilisema mavumbi iliniingia mu jicho. Mavumbi iko mingi huku, unajua.

Kungekuwa na muntu wa kukimbilia, nilitaka kukukimbilia weye. Nilizunguka nyuma ya bwato kabisa, juu nyuma ya gari njo ulikuwa unasimamaka na sigara wakati kazi inaisha.

Sasa kuko mwenye bus moja wa njia ya Luano anataka kisanduku sawa hii. Na Baba Edouard alininunulia rangi, anasema niandike jina yangu ku mulango, chini ya yako. Rangi iko pale. Sijaifungula.

Lala vizuri, Patron. Nitachunga Mama Béa, nitachunga mulango, na appareil yako sitaiazimisha Trésor. Camion inarudi lundi, mwanzo wa juma, asubui. Mbele ya kuondoka kwake nitaandikia Masœur wa Kilwa na jina yangu, nimuambie kila kintu, hata akisema hatatuma tena hata taa moja. Nikimaliza njo nitashika pinceau ya rangi. Nakuapia.

Juu haikukuwa bahati. Ile ilikuwa uongo. Bwato haikuanguka toka mbinguni. Masœur aliandika ku telefone yako, alikuwa anatafuta weye, hakujua kama ulikufwa. Na miye, Kasongo, nilimujibu: "Ndiyo, Ilunga hapa."