Kikao juu ya mulongo uliosimama nyuma ya kamyo ya Mama Mbelu

MUTUELLE YA BASHOFERE BA KAMYO "TUTAFIKA"
KAPATA, KOLWEZI

Kumbukumbu za kikao cha haraka cha siku ya Mungu, tarehe 23 mwezi wa sita 2024.

FASI: Salle, ukumbi wa zamani wa cercle ya bafanyakazi, Kapata. Viti vilikuwa kumi na tisa, batu makumi mbili na saba. Wengine walikaa juu ya ndoo.

WALIOKUWEPO:
Tata Kalumba, Mwenyekiti
Tata Kyungu, Katibu, ndiye mwenye kuandika hii
Tata Asani, mushauri
Tata Mechack, mukubwa wa nidhamu
Mama Mbelu, shofere, mwanamuke mumoja tu kati yetu, mwaka wake wa ine kwa usukani
Na bashofere wengine makumi mbili na mbili. Majina yao iko nyuma ya kartasi.

ASIYEKUWEPO KWA RUHUSA: Tata Mpoyi. Alituma message kwamba anatoka Lubudi na eko njiani.

ALIYEKUWEPO BILA KUALIKWA: Mama Safi, mwenye kuuza bukari, ugali wa kwetu, kando ya barabara. Alileta chai na mikate, akabaki.

KUMB. NA. 1/06/2024: KUFUNGUA

Kikao kilipangwa saa tatu ya asubui. Kilifunguliwa saa ine na robo. Mwenyekiti alifika na kamyo yake, ijapokuwa kutoka kwake mpaka hapa ni mwendo wa kumaliza sigara moja. Alieleza kwamba betri ya kamyo inahitaji kuzunguka. Aliisimamisha mbele ya mulango wa salle, pua ikiangalia upande wa muji.

Tata Asani aliombwa kufungua kwa dua. Dua yake ilikuwa fupi na ilifurahisha watu wa dini zote. Tata Mechack alisema kwamba hata mara ya mwisho ni Tata Asani aliyeomba. Alijibiwa kwamba mara aliyoomba yeye Mechack, chai ilipoa.

KUMB. NA. 2/06/2024: KUMBUKUMBU ZA KIKAO KILICHOPITA

Zilisomwa. Tata Mechack alikataa neno moja. Katibu aliandika kwamba yeye Mechack "alilia." Aliomba iandikwe kwamba alisema kwa sauti. Ilirekebishwa hivi: Tata Mechack alisema kwa sauti, na maji ya macho yaliletwa na vumbi.

KUMB. NA. 3/06/2024: MAMBO YA TAREHE 12

Mwenyekiti alieleza kwamba siku ya tatu ya juma, tarehe 12, kamyo makumi tano na tatu zenye muzigo wa shaba kutoka mugodi wa Mashamba zilisimama mu barabara ya Kapata, tangu saa mbili ya asubui mpaka saa nane. Muji wote ulikwama. Basi hazikupita, pikipiki hazikupita, na bwana-harusi mumoja alitembea kwa miguu mpaka kanisa, viatu mu mukono.

Alisoma barua ya ofisi ya muji. Barua inataka mutuelle, ni kusema chama chetu, itoe, kabla ya kesho saa sita, jina la shofere aliyesababisha. Huyo hatapita tena mu muji na kamyo kwa muda wa miezi tatu.

Alieleza tena kwamba Tata Mbombo, mwenye kamyo anayoendesha Mama Mbelu, ameshapiga simu. Alisema: jina la Mbelu likiandikwa mu barua, jioni ileile atamunyanganya funguo na kuipatia mutu mwingine. Mwenyekiti alisema anasikitika. Alisema pia kwamba jina la Mbelu limeshaandikwa, kinachobaki ni muhuri tu.

Kwa wale watakaosoma hii bila kutujua: kila kamyo yenye muzigo inapita kwanza kwa mizani, kule mbele, ndipo inaingia mu muji. Mu siku za kujaa, mulongo, foleni ya kungojea mizani, unarudi nyuma mpaka Kapata. Sheria yetu ya 2019, kifungu cha kwanza, inasema: ukikuta kamyo imesimama pua mbele, simama nyuma yake, usipite. Anayepita anarudishwa mukiani, mwisho wa mulongo. Hakuna muji mwingine wenye mulongo kama wetu. Bashofere ba fasi zingine wanapigana kwa mizani. Sisi hatupigani. Sisi tunasimama.

Tata Mechack alisimama na kusema kwamba Mama Mbelu aliacha kamyo mu mulongo, akaingia mu nyumba, hakuweka hata jani moja la muti nyuma kuonyesha kwamba iko na panne, imeharibika. Alisema: "Batu makumi tano na tatu tunakauka mu jua, na yeye eko kwa mambo ya nywele!"

Mama Mbelu alipewa neno. Hakusimama mbio. Alimaliza kwanza mukate wake.

Alisema: "Ba tata, mi heshima yenu naijua. Lakini ile siku mi nilikuwa repos, sikuwa kwa kazi. Muzigo nilishusha jana yake. Nilisimamisha kamyo tupu mbele ya nyumba ya mama yangu, tairi za kuume zote juu ya majani, kando kabisa. Sikuweka majani ya muti sababu kamyo haikuwa na panne. Kamyo ilikuwa inapumzika. Na mi nilikuwa napumzika, dada yangu ananisuka."

Tata Mechack aliuliza kwa nini hakutoka aliposikia honi.

Mama Mbelu alijibu: "Nilisikia. Nilifikiri ni ndoa. Si mulisema kulikuwa na bwana-harusi?"

Batu walicheka. Mwenyekiti aliomba utulivu, na Katibu pia aliombwa utulivu.

Mama Mbelu aliendelea kwamba saa nane alitoka nje, upande mumoja wa kichwa umesukwa, upande mwingine umesimama kama ufagio. Alikuta kamyo nyuma ya kamyo, mwisho hauonekani. Aliuliza: "Ba tata, munangoja nini?" Wakajibu: "Tunakungoja weye." Akawaambia: "Mi siko mu mulongo." Halafu akawaonyesha mbele. Barabara ilikuwa tupu mpaka mizani, kilometa tatu. Mutu angeweza kutandika mukeka na kulala. Batu ba mizani walikuwa wamekaa wanacheza karata, wakifikiri Mashamba imefungwa.

Tata Mechack alisema sheria ni sheria.

Mama Mbelu: "Tata Mechack, weye ulikuwa wa ngapi?"

Tata Mechack: "Wa kumi na mbili."

Mama Mbelu: "Masaa sita wa kumi na mbili. Haukushuka hata mara moja kuuliza wa kumi na moja ni nini iko mbele?"

Tata Mechack: "Mu sheria hakuna kushuka."

Mama Mbelu: "Na kukojoa, tata, ulikojoa wapi?"

Tata Mechack alijibu. Jibu halikuandikwa.

KUMB. NA. 4/06/2024: NANI ALIKUWA WA KWANZA NYUMA YA MBELU

Mama Mbelu aliomba jambo moja tu kabla ya muhuri. Kamyo yake ilisimama kwao. Mulongo ulianzishwa na yule aliyesimama nyuma yake wa kwanza. Jina lake hatalisema yeye; kikao kimutafute huyo.

Mwenyekiti alieleza kwamba haina faida. Alieleza tena. Alieleza mara ya tatu, kwa Kifaransa.

Tata Asani alisema: "Kalumba, mutoto anauliza kitu ya haki. Tuhesabu." Ikaanza hesabu. Wa kumi na mbili alisema mbele yake ni nani, wa kumi na moja vilevile, na hivyo mpaka kwa Tata Asani mwenyewe, aliyesema bila haya kwamba yeye alikuwa wa tatu. Aliulizwa mbele yake kulikuwa nani. Alisema aliona kamyo ya bleu, mulango wa kushoto umefungwa na kamba.

Katibu alipatwa na kikohozi. Mwenyekiti alipendekeza watu wapumzike kidogo wanywe chai. Pendekezo lilikataliwa, maana chai ilikuwa tayari mu mikono ya watu.

Hapo Mama Safi, akiwa anakusanya vikombe, alisema bila kupewa neno: "Munasumbuka bule. Mi nilikuwa pale tangu asubui na sufuria yangu."

Aliruhusiwa kusema, kwa sababu alikuwa ameshaanza.

Alieleza: "Alikuja tata moja na kamyo ya muzigo. Akaona kamyo ya Mbelu. Akaniuliza, 'Mama, leo mulongo imefika mpaka huku?' Nikamwambia, mi nauzaka bukari, ya mulongo sijue. Ile ni kamyo ya Mbelu, eko kwa mama yake. Akasema, 'Basi, kama Mbelu amesimama, eko mu mulongo.' Akazima moteri. Akakula sahani mbili na samaki, akaomba muchuzi ya bule. Halafu akalala mu kabini, miguu nje ya dirisha. Soksi ya kijani, kidole kikubwa inaangalia inje."

Mwenyekiti, aliyevaa sandali, alirudisha miguu chini ya kiti. Haikusaidia. Batu wote walikuwa wameshaangalia. Soksi zilikuwa za kijani. Tundu lilikuwa limeshonwa, kwa uzi mweupe.

Mutu mumoja wa nyuma alisema: "Président, unaamka saa ngapi?" Jina lake halikupatikana.

Kwa sababu katibu hana ruhusa ya kuficha, inaandikwa hapa: kamyo ya bleu yenye mulango wa kamba ni yangu. Mi nilikuwa wa pili. Nilimuona Mwenyekiti amesimama, nikasimama. Président wa mutuelle amesimama, mi ni nani wa kupita? Nilizima moteri nikasoma gazeti ya mwaka jana mpaka mwisho, hata matangazo ya waliokufa.

Halafu Mwenyekiti alisimama. Hakujitetea kama ilivyotazamiwa. Alivuta suruali juu, soksi zote mbili zikaonekana, akasema: "Ndiyo. Ni mi. Miaka makumi tatu na moja mi niko mu barabara, na hakuna hata mutu moja mu Lualaba yote atasema Kalumba alimupita mu mulongo. Ile siku nilikosa. Lakini muone vile tulikosa! Kamyo makumi tano na tatu, masaa sita, hakuna aliyepita mwenzake, hakuna kioo kilichovunjika, hakuna aliyetukana mama ya mutu. Nani mwingine anaweza kukosa hivi?"

Batu walipiga makofi. Tata Mechack alipiga makofi kwa muda murefu, na vumbi lilimuingia tena.

Tata Asani alingoja makofi yaishe, akasema: "Vizuri. Na barua?"

Mwenyekiti alichukua barua, akaweka mustari juu ya jina la Mbelu, akaandika la kwake kwa mukono wake. Mama Mbelu alisema hakubali pia Tata Kalumba abaki miezi tatu nyumbani kwa ajili ya kulala mu kabini. Aliuliza: "Kwani ni mutu moja alisimama?"

Ikajadiliwa, si kwa muda murefu.

ILIAMULIWA: Ofisi ya muji itapewa majina makumi tano na tatu, kwa kufuata mulongo. Wa kwanza Kalumba, wa pili Kyungu, wa tatu Asani, mpaka wa mwisho. Jina la Mbelu halimo, kwa sababu hakuwa mu mulongo. Tata Mechack aliomba asiandikwe wa kumi na mbili bali wa kumi na tatu, ili kosa lake lipungue kidogo, akakataliwa. Aliulizwa kama haogopi wote makumi tano na tatu wakifungiwa muji. Alisema: "Watufunge. Halafu ile shaba wabebe juu ya kichwa." Hili ndilo neno bora alilowahi kusema mu kikao, na linaandikwa jinsi lilivyo.

Tata Mbombo alipigiwa simu hapohapo na Mwenyekiti, sauti ikisikika na wote. Alisema funguo ibaki kwa Mbelu. Aliuliza kama kweli ni makumi tano na tatu. Aliambiwa ndiyo. Alicheka mpaka simu ikakatika.

KUMB. NA. 5/06/2024: NYONGEZA YA SHERIA

Mama Mbelu alipendekeza mambo mawili, na yote yalipita bila mutu wa kupinga.

Kifungu cha kwanza kinaongezewa: ukikuta kamyo imesimama, simama nyuma yake, halafu shuka uulize.

Kifungu kipya: kamyo inayopumzika, isiyo mu mulongo, itatundikwa ndoo tupu nyuma, fasi ya kuonekana. Mwenye kukosa ndoo atawalisha bukari wote watakaosimama nyuma yake. Mama Safi alisema sheria hii ni nzuri kuliko zote alizosikia tangu azaliwe.

KUMB. NA. 6/06/2024: KUFUNGA

Wakati Mwenyekiti alikuwa anashukuru watu, honi zilisikika nje. Alisema ni ndoa. Mama Mbelu alisema aende mutu aangalie.

Tulitoka wote. Nyuma ya kamyo ya Mwenyekiti, iliyosimama mbele ya salle pua mbele, bila ndoo, kulikuwa na kamyo nane. Ya kwanza ilikuwa ya Tata Mpoyi, aliyeandikwa juu kwamba hakuwepo. Alisema alifika saa tano kutoka Lubudi, akaona Président amesimama. Alituuliza mizani leo ina nini.

Inarekebishwa: Tata Mpoyi alikuwepo, nje, mu mulongo.

Mama Mbelu alichukua ndoo moja kati ya zile zilizokaliwa, akaenda kuitundika nyuma ya kamyo ya Mwenyekiti. Mama Safi alihesabu kamyo kwa kidole, mara mbili, akaenda kuwasha moto. Kikao kiliishia barabarani, saa saba na dakika kumi, watu wakiwa wamesimama na njaa yao.

Sahihi zimewekwa juu ya boneti:

KALUMBA, Mwenyekiti. Wa kwanza.

KYUNGU, Katibu. Wa pili, na safari hii niliuliza.