Tembo Niliyempigia Makofi

Mwakeye, mama. Bwana asifiwe. Macho yako yanaendeleaje?

Ile picha ya tembo uliyotaka kuiona kabla macho hayajazimika, nusura niikose. Asubuhi hapa hifadhini Saadani, tembo jike mzee alitoka vichakani akasimama mchangani, bahari nyuma yake. Nami nikainama nikampigia makofi, kama tunavyosalimia wakubwa kwetu Busunzu! Simu ikabaki inaning'inia shingoni. Mwongoza watalii akacheka: "Dada, huyo haitikii, piga picha!" Nilipoinua simu, nikapata mgongo na mkia tu.

Lakini alitikisa masikio, mama. Kwangu ameitikia. Nakuletea huo mkia, Mungu akutunzie mwanga. Nijibu upesi, uniambie kama bado unamwona anayekusomea kadi hii.

Mwanao, Yustina