Bati Likae Juu ya Mbuzi

Kwako mke wangu, Mama Ndahani,

Mbukwa. Umeamkaje huko, na goti lako je? Mimi mzima. Jicho nililokuja kutibiwa linaona, ndiyo maana nakuandikia kwa mkono wangu. Mjukuu alitaka kuniandikia, nikamwambia kaa pembeni.

Habari nimeipata, kwamba fundi amefika, anangoja neno langu avunje tembe yetu ya paa la udongo ajenge nyumba kwa bati alizoleta mwanao Ndahani. Neno langu ni hili: asiguse!

Tembe ile nimejenga mimi. Nguzo za mpingo, mchwa wanavunjika meno. Udongo wa juu nimeushindilia mwenyewe, na kijiji kizima hakina paa lililotulia kama lile. Upepo unapita juu haulioni. Jua likiwaka, ndani kama mtungini. Hapa mjini Ipagala, kwa Ndahani, nalala chini ya bati, mchana naiva kama kiazi. Nikamuuliza Ndahani, "Umenileta mjini unikaange?"

Akacheka. "Baba, tembe ni mambo ya zamani."

"Na jua je, ni la kisasa?" nikamuuliza.

Basi juzi mvua ya kwanza ikanyesha. Nimekaa mlangoni nimenuna. Maji yakateremka batini yakaingia kwenye tangi, yanaimba. Mkwe wetu, mkewe Ndahani, akatoka na kandambili zake, akateka palepale, akarudi kwenye ugali wake. Hata jasho hakutoa.

Nikakukumbuka wewe korongoni, unafukua mchanga mpaka unazama kiunoni, unangoja maji yajikusanye, unateka kwa kibuyu kidogo kidogo, halafu ndoo kichwani na goti hilo. Tembe yangu inaliweza jua, inauweza upepo. Lakini mvua inainywa yote, haikuachii hata kikombe.

Sasa sikia. Bati zote fundi azipige juu ya banda la mbuzi, aweke mfereji ukingoni mwa paa, na tangi tutakalonunua likae upande wa jiko lako. Mbuzi mchana wako malishoni, joto haliwahusu. Maji ya kwanza yamwage, yana vumbi. Akimaliza, apandishe udongo mpya juu ya tembe, pale panapovujia kitanda chako.

Ndahani akija huko akauliza nani kashinda, mwambie, "Baba yako."

Msalimie mdogo wangu anayetuchungia ng'ombe, na dada yangu ng'ambo ya korongo. Dada mwambie shimo la mchangani tunamwachia, aringe nalo. Wewe ukiteka ndoo ya kwanza, kaa chini kwanza. Nyoosha goti.

Mimi mumeo, mjenzi,
Baba Ndahani