Waziri Aliposema Tunatoka

Ghorofa ya tatu, chumba cha mbele,
Nyuma ya soko la mboga.
Jumapili, 9 Machi.

Mpendwa mdogo wangu Bonge,

Hujambo, baba? Mgongo umepoa, au bado unabeba mbao peke yako kana kwamba hiyo karakana haina wanaume wengine? Wifi yangu mzima? Na mapacha, meno yameshaota? Sisi huku hatujambo. Mama goti linamsumbua asubuhi tu. Likishapata joto anatushinda wote kutembea.

Nakuandikia nimenyoosha miguu juu ya stuli, roho imetulia kwatu. Wiki iliyopita nisingeweza hata kushika kalamu.

Unajua maneno ya kujitoa kwenye umoja wa nchi zetu yalivyopamba moto huku. Tangu majirani wawili waizuie sukari yetu mipakani, ukienda saluni ni hilo, ukikaa foleni benki ni hilo: tutoke, wanatunyonya. Wengine walisema kwa kujigamba, maana nchi yetu iko katikati, reli na barabara zote zinapita kwetu, na sisi tukitoka umoja unakatika vipande viwili. Mimi nilikuwa nakiwaza kipande ulipo wewe. Kibali chako cha kuishi na kufanya kazi huko kinatokana na umoja huohuo. Mama alifikia kuzima redio kila taarifa ya habari ilipoanza.

Basi, mkutano wa mawaziri ukafanyika hapa kwetu, na kazi ya kutafsiri wakapewa watu wawili: mimi na mwenzangu tunayemwita Kasuku. Tulikaa kwenye kile kibanda chetu cha vioo, vipokea sauti masikioni. Aliyeongoza kikao ni mama mmoja, waziri wa nchi hiyo unayoishi, mpole lakini hayumbishwi.

Asubuhi nzima walivutana. Mchana waziri wetu akachoka. Akakusanya karatasi zake, akasimama, akasema, "Kama mambo yenyewe ndiyo haya, sisi tunatoka."

Bonge, hebu fikiria. Zamu ilikuwa yangu. Katika lugha ninayotafsiria, kutoka chumbani ni neno moja na kujitoa kwenye umoja ni neno jingine kabisa, na ukumbi mzima ulikuwa umegeuka kukitazama kibanda chetu. Nilikuona wewe na randa yako. Nikatamani nichague lile neno dogo, yaishe. Lakini sikulipwa kuchagua, na ningekosea ningemlisha mtu maneno yasiyo yake. Kasuku akanikanyaga mguu, maana yake sema kitu!

Nikabonyeza kitufe. "Mkalimani anaomba msemaji afafanue: kutoka ukumbini, au kutoka kwenye umoja?"

Waziri wetu akabaki amesimama, karatasi kifuani. Mwenyekiti hakumharakisha, aliweka kalamu chini akangoja.

"Ukumbini," waziri akasema hatimaye. "Nahitaji hewa."

Mwenyekiti akatangaza mapumziko, kisha akamfuata. Tuliwaona kupitia kioo, wamesimama dirishani mwa korido na vikombe vya chai, hakuna mkalimani, wanaongea kwa lugha ya kuungaunga na mikono. Sijui waliambiana nini. Walivyorudi, mengine umeyasikia redioni: sukari inapita, sisi tunabaki, na vibali vyote vinaendelea kama kawaida.

Jioni mkuu wetu wa kitengo akaniita. Nikajua leo nimekwisha.

"Utaratibu unakuruhusu kuuliza," akaniambia. "Ila siku nyingine usiulize huku unatetemeka. Mataifa yote yamesikia meno yako yakigongana!"

Nilicheka mpaka nikalia. Nikiwa nangoja lifti bado nafuta macho, waziri mwenyewe akaja kusimama pembeni yangu.

"Ni wewe uliyeniuliza?"

"Ni mimi, mheshimiwa. Samahani."

"Usiombe samahani," akasema, akitazama mlango wa lifti. "Uliponiuliza, hata mimi nilikuwa sijajua."

Nilifika nyumbani nikamsimulia mama yote. Hakujali waziri wala sukari. Aliuliza tu, "Kwa hiyo mwanangu hafukuzwi?" Nikamwambia hafukuzwi. Akashusha pumzi ndefu, akaenda kuoga, nikamsikia anaimba bafuni kwa sauti ambayo majirani hawakuiomba.

Sasa nikuibie siri. Mama alikuwa ameshawaandalia chumba cha nyuma. Alitoa cherehani na magunia yake, akapaka rangi kuta, akatundika chandarua juu ya kitanda. Jana nilimwuliza kama nimsaidie kuvirudisha vitu vyake. Akakaa ukingoni mwa kitanda kitupu, akasema, "Viache kwanza. Ile ya kufukuzwa nilikuwa siitaki. Ya kuja wenyewe sijaikataa."

Kwa hiyo njooni. Mpaka uko wazi, rangi imeshakauka.

Msalimie sana wifi, wabusu mapacha, na fundi mwenzako mkorofi mwambie nimeyapata matusi yake ya utani na nimeyapenda. Mama anawaombea afya na riziki, nami naitikia amina.

Ni mimi dada yako, nikupendaye hata usipojibu barua,

Dada Mkubwa